Mpira baada ya mawimbi: msimu wa Sendai, Japani, 2011



Mwezi huu niliombwa niandike ukurasa wa michezo. Nilikuwa nimekwisha anza jambo jingine, halafu ukaja ule upepo. Wote mnakumbuka. Upepo ulibeba plastiki za nyumba nyingi katika kijiji chetu hapa kambini, na siku mbili baadaye vijana walikuwa uwanjani wanacheza fainali yao kama walivyopanga. Mimi ndiye nilikuwa refa. Mzee mmoja akaja pembeni mwa uwanja, akaniita kwa hasira: "Mwalimu, hii ni adabu gani? Watu hawana pa kulala, ninyi mnafukuza mpira?"

Sikuwa na jibu. Nilinyamaza, maana mzee ni mzee, na maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani. Nikakumbuka kwamba kuna watu wa mbali waliokutana na swali hilohilo, tena kwa uzito mkubwa zaidi. Ni watu wa mji wa Sendai, nchini Japani, katika msimu wa ligi wa mwaka 2011. Naomba niwasimulie.

TIMU YENYE JINA LA NYOTA MBILI

Japani wana ligi ya mpira wa kulipwa tangu mwaka 1993. Daraja la kwanza linaitwa J1. Mwaka 2011 lilikuwa na timu 18, na kila timu ilicheza mechi 34. Sendai iko kaskazini-mashariki, katika mkoa wa Miyagi, na timu yao inaitwa Vegalta Sendai.

Jina hilo linatokana na nyota mbili, Vega na Altair. Wajapani wana hadithi ya zamani kuhusu nyota hizo: ni mke na mume waliotenganishwa na mto wa nyota angani, wakaruhusiwa kuonana mara moja tu kwa mwaka. Sendai wanaifanyia sikukuu kubwa kila mwezi wa nane. Ninyi mlioachana na mume, mke au watoto njiani, nadhani hadithi hiyo mnaielewa bila mwalimu.

Haikuwa timu ya kuogopwa. Ilirudi daraja la kwanza mwaka 2010 na ikamaliza ya 14. Tarehe 5 Machi 2011 msimu mpya ulianza, Vegalta wakaenda kwa Sanfrecce Hiroshima wakatoka 0-0. Wiki iliyofuata walikuwa wacheze nyumbani.

IJUMAA, TAREHE 11 MACHI

Mechi hiyo haikuchezwa. Ijumaa tarehe 11 Machi, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitetemeka baharini karibu na mkoa wao. Lilikuwa tetemeko la kipimo cha 9.0, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Japani. Muda mfupi baadaye bahari ikaja juu ya nchi. Mawimbi yalibeba nyumba, magari, mashua na watu. Siku hiyo theluji ilikuwa inaanguka, kwa hiyo hata waliookoka walilala kwenye baridi kali, bila umeme.

Watu karibu 16,000 walikufa, na wengine zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo. Mkoa wa Miyagi ndio uliopoteza watu wengi kuliko mikoa yote. Kule Fukushima kinu cha nyuklia kiliharibika, na watu wa vijiji vya jirani wakaambiwa waondoke. Kwa jumla watu waliohama makwao walifika kama 470,000. Walilala katika kumbi za shule, familia na familia, wametenganishwa na maboksi na blanketi. Walipanga mstari wa maji. Walibandika majina ya ndugu zao ukutani, wakitafuta nani yuko hai. Yaani nchi tajiri kabisa, lakini siku ile walikuwa kama sisi tulivyokuwa siku ya kwanza.

LIGI YASIMAMA

Ligi ilisimamishwa. Uwanja wa Kashima Antlers, mojawapo ya timu kubwa za Japani, uliharibika, hata kwa muda wakawa wanapokea wageni wao Tokyo. Kule Fukushima kulikuwa na kituo kikubwa cha mazoezi kinachoitwa J-Village, kilichofunguliwa mwaka 1997. Timu ya taifa ya Argentina ilikaa pale wakati wa Kombe la Dunia la 2002. Baada ya ajali ya kinu, viwanja vile vizuri viligeuka kuwa kambi ya wafanyakazi na magari ya kupambana na kinu. Kituo kilikuja kufunguliwa tena mwaka 2018.

Na wachezaji je? Hapa ndipo nilipopata somo langu la kwanza. Wachezaji wa Vegalta hawakuanza na mpira. Walishika majembe, wakaenda kusaidia kuondoa matope. Walikwenda pia kwenye makimbilio kukaa na watoto. Mitsuo Ogasawara wa Kashima alikuwa amesoma sekondari Ofunato, mji wa pwani uliopigwa sana. Yeye alirudi huko akiwa na misaada.

Mshambuliaji mmoja wa Vegalta kutoka Brazili aliamua kurudi kwao kabisa, na mkataba wake ukavunjwa. Mimi simlaumu. Hofu si dhambi, na sisi hapa tunaijua.

Tarehe 29 Machi, siku 18 tu baada ya msiba, ulichezwa mchezo wa kuchangisha msaada mjini Osaka. Timu ya taifa ilicheza na wachezaji waliochaguliwa kutoka ligi. Taifa walishinda 2-1, lakini bao ambalo watu hawalisahau ni lile moja la ligi. Lilifungwa na Kazuyoshi Miura, wanayemwita Kazu, mzee wa miaka 44 uwanjani. Alipofunga alicheza dansi yake ya siku zote, na watu waliokuwa wamelia wiki mbili wakacheka.

KAWASAKI, TAREHE 23 APRILI

Ligi ilirudi tarehe 23 Aprili. Sasa fikiri: wiki sita tu zimepita, miili bado inatafutwa, makimbilio bado yamejaa. Je, ilikuwa sawa kucheza? Ni swali la mzee wetu lilelile.

Kocha wa Vegalta, Makoto Teguramori, aliwaambia vijana wake wawe nuru ya matumaini kwa watu wa kwao. Ni rahisi kusema. Lakini walikuwa wamefanya mazoezi ugenini, mbali na mji wao, na mechi yenyewe ilikuwa ugenini, kwa Kawasaki Frontale. Treni ya mwendo wa kasi ilikuwa bado haijafika tena Sendai. Hata hivyo mashabiki wao walifunga safari kwa maelfu.

Kawasaki walitangulia kufunga. Mapumziko yakafika ni 1-0. Basi nadhani wengi walijisemea: tumekuja kuona huzuni juu ya huzuni. Lakini dakika ya 73 Yoshiaki Ota akasawazisha. Dakika ya 87, zikiwa zimebaki chache, ikapigwa faulo, na beki Jiro Kamata akaruka akaipiga kwa kichwa. Goli! 2-1. Refa alipomaliza, kocha alikuwa analia machozi.

Mpigaji wa ile faulo ni mtu wa kuangalia vizuri. Anaitwa Ryang Yong-gi, mwenye jezi namba 10. Alizaliwa Osaka, Japani, katika familia ya asili ya Korea, na alichezea timu ya taifa ya Korea Kaskazini. Ni mtoto wa jamii iliyotoka nje, lakini siku ile mguu wake ndio uliowafuta machozi watu wa Sendai. Wadogo zangu mnaoambiwa "wewe si wa hapa", mfikirie huyo.

NYUMBANI, TAREHE 29 APRILI

Siku sita baadaye Vegalta walicheza nyumbani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku hiyohiyo treni ya kasi ya kaskazini ilirudi njia nzima. Wageni walikuwa Urawa Red Diamonds, timu yenye mashabiki wengi sana. Ota akafunga tena, kwa kichwa, na mechi ikaisha 1-0.

Baada ya hapo Vegalta walipita mechi zaidi ya kumi tangu msimu uanze bila kufungwa. Hawakuwa na nyota wengi. Walikuwa na kitu kimoja: walikataa kuachia goli. Mwisho wa msimu, katika mechi 34 walikuwa wamefungwa mabao 25 tu, machache kuliko timu nyingine yoyote ya J1. Walishinda 14, wakatoka sare 14, wakapoteza 6. Pointi 56, nafasi ya nne. Mwaka mmoja kabla walikuwa wa 14.

NANI ALICHUKUA KOMBE?

Nisiwadanganye, kombe halikwenda Sendai. Maisha hayaendi kama hadithi za jioni. Lakini aliyelichukua naye ana habari yake. Ni Kashiwa Reysol, waliokuwa daraja la pili mwaka 2010. Walipanda, na mwaka uleule wa kwanza wakawa mabingwa chini ya kocha Nelsinho kutoka Brazili. Hakuna timu ya Japani iliyokuwa imewahi kufanya hivyo.

Siku ya mwisho, tarehe 3 Desemba 2011, timu tatu bado zilikuwa na nafasi: Kashiwa, Nagoya Grampus na Gamba Osaka. Zote tatu zilishinda siku hiyo! Kashiwa waliwapiga Urawa 3-1 kwao wenyewe. Wakamaliza na pointi 72, Nagoya 71, Gamba 70. Pointi moja, moja. Mwanafunzi anayesema "somo moja nikikosa si kitu" na aziangalie namba hizo.

Mwaka uliofuata, 2012, Vegalta walipanda hadi nafasi ya pili. Baadaye nguvu zikapungua, na mwaka 2021, miaka kumi baada ya mawimbi, walishuka daraja. Ndivyo mpira ulivyo.

NILIRUDI KWA MZEE

Mpira haukumrudishia mtu wa Sendai nyumba yake, wala mtoto wake. Walioshangilia tarehe 29 Aprili, wengine walirudi kulala kwenye sakafu ya shule. Wengi waliishi miaka katika nyumba za muda. Lakini kwa dakika 90 hawakuitwa "waliopatwa na maafa". Waliitwa watu wa Sendai. Mtu aliyepoteza kila kitu anahitaji chakula na blanketi, hilo la kwanza. Anahitaji pia siku moja ya kuwa na jina lake.

Habari hii nilimpelekea mzee yule nyumbani kwake, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani nimeshinda. Akaniuliza kwa upole: "Hao wachezaji, ulisema walianza na nini?" Nikajibu: "Majembe, mzee wangu." Akasema: "Na ninyi?"

Ndugu wasomaji, sisi tulianza na mpira. Nyumba ya mama mjane iko hatua chache tu kutoka kwenye goli, na plastiki yake ilikuwa imechanika nusu. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu penalti. Kosa ni langu kwanza, kwa sababu filimbi ilikuwa mkononi mwangu.

Jumamosi iliyofuata timu zote mbili tulikutana asubuhi kwa kamba na fito. Tulifunga nyumba saba mpaka saa sita. Mchana tukacheza. Mzee alikuja, akakaa kwenye kigoda chake pembeni ya uwanja. Hakupiga makofi. Lakini mpira ulipotoka nje aliurudisha kwa mguu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Watoto: kwa nini wachezaji wa Vegalta walishika majembe kabla ya mpira?
2. Vijana: katika mtaa wenu, ni nyumba ya nani inayohitaji mikono kabla ya mechi ijayo?
3. Wazazi: ni mchezo gani mliucheza kule nyumbani, ambao watoto hawa hawajaujua? Wafundisheni jioni moja.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na kamba zikibaki, zileteni shuleni.