Barua pepe imefika, majibu ya mama hayamo

Familia nyingi za Mbinga na wilaya jirani ya Nyasa zimetawanyika. Wazazi wako Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, mtoto mmoja anafanya kazi Songea, mwingine yuko Dar es Salaam. Mzazi anapougua, mara nyingi karatasi husafiri kabla ya mgonjwa mwenyewe: barua ya rufaa, majibu ya maabara, picha ya eksirei, nakala ya kadi ya bima. Siku hizi karatasi hizo huskaniwa steshenari au hupigwa picha kwa simu, kisha hutumwa kwa barua pepe.

Hapo ndipo kosa dogo hujipenyeza. Mtu anaandika: “Shikamoo kaka. Nimekuambatishia majibu ya mama, naomba umwoneshe daktari leo.” Anabonyeza kitufe cha kutuma. Majibu hayamo. Aliyetuma analipia huduma, anapanda bodaboda na kurudi kijijini akiamini kazi imekwisha. Kaka anafungua barua na kukuta maneno matupu. Anapiga simu, haipatikani. Siku inapita.

Kosa hilohilo huwapata vijana wanaoomba kazi kwa barua pepe. Barua ya maombi inafika, vyeti havimo, na muda wa mwisho unapita. Kwa kijana, hasara ni nafasi ya kazi pamoja na nauli na bando alilonunua. Kwa mgonjwa, hasara ni siku ya matibabu.

Si uzembe, ni namna akili inavyofanya kazi

Katika familia, kosa la namna hii huzaa lawama haraka. “Hukuwa makini,” mmoja anasema. “Humjali mama,” anaongeza mwingine. Lakini wanaochunguza kumbukumbu ya binadamu wana maelezo tofauti.

Mwaka 1997 watafiti Michael Byrne na Susan Bovair walichapisha utafiti kuhusu makosa yanayotokea baada ya lengo kuu kutimia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mashine ya kutolea fedha. Mtu amekwenda kuchukua fedha. Akishazishika, akili yake inahesabu kwamba kazi imekwisha, anaondoka na kuacha kadi. Ndiyo maana mashine nyingi sasa hurudisha kadi kwanza, ndipo zikatoa fedha.

Watafiti hao waliona pia kwamba kosa hilo huongezeka pale kumbukumbu inapobebeshwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Kuandika barua pepe kuna mtego huohuo. Lengo la mwandishi ni kueleza jambo. Akishalieleza vizuri, akili inafunga hesabu, ilhali kiambatisho bado. Anayetuma majibu ya mzazi mgonjwa, huku anawaza nauli na muda wa gari, ndiye aliye katika hatari zaidi ya kusahau.

Programu inayouliza kabla ya kutuma

Uwezo wa kuambatisha picha na nyaraka kwenye barua pepe kwa utaratibu unaotumika hadi leo ulianza mwaka 1992. Machi 11 mwaka huo Mmarekani Nathaniel Borenstein, mmoja wa waliobuni utaratibu huo, alituma kiambatisho cha kwanza cha aina hiyo, kikiwa na picha ya kikundi chake cha waimbaji. Tangu hapo watu wametuma viambatisho, na wamesahau viambatisho.

Dawa ilikuja taratibu. Mwaka 2008 Gmail ilianza kujaribu kifaa cha kugundua kiambatisho kilichosahaulika. Mwaka 2009 programu ya Thunderbird ikaweka kikumbusho chake, na Outlook ya mwaka 2013 nayo ikawa nacho.

Utendaji wake ni rahisi kuelewa. Programu inapitia maneno uliyoandika na kutafuta yale yanayoashiria kwamba kuna kitu umeambatisha. Ikiyaona, inatazama kama kweli kuna faili. Ikikosa, inakusimamisha: inaonekana umesahau kuambatisha, je, tutume hivyohivyo? Haikuzuii. Inakuuliza tu, wakati ambapo bado unaweza kurekebisha.

Je, inaelewa Kiswahili?

Programu inayotafuta maneno inategemea maneno iliyofundishwa. Kwa Kiingereza neno linalotafutwa hubadilika kidogo tu. Kiswahili ni tofauti, kwa kuwa kitenzi kinabeba mambo mengi ndani yake. Mmoja anaandika “nimeambatisha”, mwingine “tumekuambatanishia”, wa tatu “imeambatishwa”. Wengine hawalitumii kabisa neno hilo. Wanaandika “pokea majibu” au “nakutumia hapa”. Programu iliyopewa orodha ya maneno ya Kiingereza pekee itaiacha barua hiyo ipite bila kuuliza.

Usikisie; jipime mwenyewe. Jiandikie barua pepe yenye sentensi moja, “Nimeambatisha majibu ya vipimo,” usiweke faili yoyote, kisha tuma. Kama programu imekuuliza, una msaidizi. Kama barua imeondoka kimya, huna, na ni heri ulijue hilo leo. Fanya jaribio hilo kwenye kompyuta na kwenye simu, kwani programu hazifanani.

Wanaotumia Thunderbird wana nafasi ya ziada. Katika mipangilio yake, sehemu inayohusu viambatisho, mtumiaji anaruhusiwa kuongeza maneno yake mwenyewe kwenye orodha. Weka kila umbo unalolitumia: nimeambatisha, nimeambatanisha, kiambatisho, viambatisho. Mwenye steshenari anaweza kuifanya kazi hiyo mara moja ikawasaidia wateja wote wanaotumia kompyuta yake.

Funzo kutoka Ifakara

Kumuuliza mtu swali kabla hajavuka hatua ya mwisho si jambo la kompyuta pekee. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha fupi ya maswali ya usalama kwa vyumba vya upasuaji. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Hospitali ya Mtakatifu Fransis ya Ifakara, mkoani Morogoro. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto, New Delhi na Manila.

Kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, muuguzi huthibitisha kwa sauti kwamba vifaa, pamba na sindano vimehesabiwa na vimetimia. Sampuli inayokwenda maabara husomwa lebo yake, pamoja na jina la mgonjwa.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009, yakihusu wagonjwa zaidi ya 7,600. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wahudumu hao hawakuwa wazembe kabla ya hapo. Walikuwa binadamu wenye kazi nyingi, wakawekewa mahali pa kusimama na kuulizana.

Kosa ambalo programu hailioni

Hata programu nzuri ina mpaka. Inajua kwamba faili ipo. Haijui kama ni faili yenyewe. Ukiambatisha majibu ya jirani badala ya ya mama, itanyamaza. Hatari hii ni kubwa kwenye kompyuta ya steshenari, ambako faili za wateja wengi zinaweza kulala pamoja zikiwa na majina ya namba tupu.

Hapa linaingia suala la siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Majibu ya vipimo yakienda kwa mtu asiyehusika, hayarudi.

Yanayofaa kufanywa nyumbani

Ambatisha kwanza, andika baadaye. Anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho kabisa kuandikwa. Barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka, hata ukibonyeza kwa bahati mbaya.

Ipe faili jina linaloeleweka, mfano “majibu ya damu mama Machi 5”. Ifungue baada ya kuiambatisha, uhakikishe jina la mgonjwa na tarehe, na kwamba maandishi yanasomeka.

Taja idadi ndani ya barua: “Nimeambatisha karatasi tatu.” Mpokeaji atajua mara moja kama kuna iliyopungua.

Kwa Gmail ya kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio uongeze muda wa kutengua utumaji hadi sekunde 30. Ukikumbuka ndani ya muda huo, unairudisha barua.

Usiondoke steshenari kabla hujapata jibu. Piga simu uulize, “Umezipata ngapi?” badala ya “Umeipata?” Swali la pili hujibiwa “ndiyo” hata na mtu ambaye hajafungua barua.

Kabla ya kuondoka, futa nakala zako kwenye kompyuta ya watu na utoke kwenye akaunti yako.

Mpokeaji naye ana wajibu. Akikuta barua tupu, asisubiri jioni wala asianze kulaumu. Ajibu palepale, na ampigie pia ndugu mwingine aliye karibu na mgonjwa, maana aliyetuma huenda yuko njiani kuelekea ziwani na simu yake haina mtandao.