Kondoo Kichwa-Cheusi Aliyeambiwa Asubiri

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Leo anasema kondoo.

"Mimi ni kondoo wa Merti. Mwili mweupe, kichwa cheusi, mkia wa mafuta. Sina homa. Sikohoi. Nimepandishwa lori, nimefika Isiolo, nataka kuendelea na safari yangu. Mbona naambiwa nisubiri?"

Lori likajibu, "Subiri. Kibali hakijatoka."

"Mjomba, kibali ni nini?"

Ni karatasi ya daktari wa mifugo. Inasema mnyama huyu ametoka mahali fulani, anakwenda mahali fulani, na huko alikotoka hakuna ugonjwa uliozuka. Lori lisilo na karatasi hiyo halitakiwi kuvuka kizuizi. Na ugonjwa ukizuka, karatasi haitolewi kabisa. Hapo ndipo tunasema kuna karantini.

"Lakini kondoo huyu ni mzima! Kwa nini asubiri?"

Umeuliza vizuri sana, mwanangu. Hata watu wazima huuliza hilo, tena kwa hasira. Sikiliza. Mtoto wa jirani akipata surua, mama hukwambia, "Usiende kucheza kwao wiki hii." Je, mama amemchukia jirani? Hapana. Asubuhi utamwona akimpelekea uji. Anakuzuia kwa sababu surua huanza kuhama kabla vipele havijaonekana. Yule mnayemwona mzima leo huenda ameshaibeba.

Kondoo naye ni vivyo hivyo. Anaweza kuonekana mzima leo, kesho akalala chini.

Ugonjwa ninaousema unaitwa homa ya Bonde la Ufa. Ni wa kwetu huu. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Naivasha. Unabebwa na mbu. Kuna mbu ambao hutaga mayai kwenye udongo wa mabondeni, na mengine huwa yana kirusi ndani yake tayari. Mayai hulala. Mwaka unapita, yamelala. Miaka inapita, yamelala. Mvua kubwa ikinyesha, maji yakatuama siku nyingi, mayai yanaanguliwa. Mbu wanatoka kwa wingi, wanauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Kondoo wenye mimba wanaitupa, karibu kundi zima. Wana-kondoo wachanga wanakufa.

"Na watu?"

Watu pia huugua. Mbu huwauma. Wengine hugusa damu wakichinja mnyama mgonjwa, au, yamkini, hunywa maziwa mabichi. Mwishoni mwa mwaka 2020 wachungaji walianza kufa huku kwetu Isiolo, upande wa Sericho. Kufikia Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 32 na vifo 11 katika kaunti nne: Isiolo, Garissa, Mandera na Murang'a.

"Mjomba, nyama ikiiva si kirusi kimekufa?"

Kimekufa. Moto hukimaliza, na maziwa yakichemka hukimaliza. Umefikiri vizuri! Lakini mchinjaji hashiki nyama iliyoiva. Anashika damu mbichi. Ndiyo maana sheria haikungoji wewe mezani. Inamngoja mnyama njiani, angali hai.

Sasa twende ng'ambo ya bahari.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilifurika Garissa na kusini mwa Somalia. Homa ikazuka, watu wengi wakafa. Saudi Arabia, ambako mamia kwa maelfu ya kondoo wetu wa kichwa cheusi hupelekwa kwa ajili ya Hija na Idi, ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika mwaka 1998. Mwaka uliofuata ikaufungua. Kisha, Septemba 2000, homa ikaonekana Jizan, huko huko Saudia, na katika nchi jirani ya Yemen. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya Afrika. Wataalamu walipokichunguza kirusi kile, walikuta ni ndugu wa karibu wa kile cha kwetu cha 1997.

"Kilivukaje bahari?"

Yamkini ndani ya mnyama. Mnyama mmoja mwenye kirusi anashuka, mbu wa kule anamuuma, na homa imepata makao mapya. Mlango ukafungwa tena. Kondoo wa Somalia hawakuruhusiwa rasmi kuingia Saudia mpaka mwaka 2009.

Kondoo Kichwa-Cheusi akauliza, "Miaka yote hiyo? Hata mimi mzima?"

Hata wewe mzima. Na hapa, wanangu, sikubaliani na mlango ule. Kufunga kulikuwa haki. Kuacha umefungwa miaka karibu tisa kuliwaumiza watu ambao hawakuwa na mgonjwa. Mnyama anaweza kuwekwa karantini, akatolewa damu, ikapimwa, akaonekana mzima, akaenda.

Mlango ukifungwa, haumii mwenye kondoo peke yake. Mwishoni mwa 2006 homa ilirudi Garissa na wilaya jirani. Masoko ya mifugo yakafungwa. Kuchinja kukakatazwa. Malori yakasimama. Dereva akakaa, utingo akakaa, mwenye bucha akakaa, mama muuza maziwa akakaa. Kule ambako ada ya shule hutoka zizini, watoto nao wakakaa. Watu zaidi ya 150 walikufa Kenya, na hasara ikapita shilingi bilioni 2.

Ndiyo maana mfugaji huogopa kusema kondoo wake wametupa mimba. Anajua soko litafungwa. Akinyamaza, ugonjwa unapanda lori pamoja na mifugo, na soko linafungwa muda mrefu zaidi. Mimi nasema anayetoa habari mapema asaidiwe kwanza, apewe daktari na chakula, asiachwe peke yake na zizi tupu.

"Mjomba, kuna ugonjwa wa mifugo uliowahi kwisha kabisa?"

Upo! Sotoka ya ng'ombe. Mara ya mwisho kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, jirani tu na Kinna, huku kwetu Isiolo. Chanjo iliimaliza. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba haipo tena.

"Basi homa ya Bonde la Ufa nayo itakwisha?"

Hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu ya yale mayai yanayolala udongoni. Lakini chanjo ya mifugo ipo, na mvua kubwa hutabiriwa. Mwaka 2006 onyo lilitolewa wiki kadhaa kabla homa haijaonekana.

"Kwa hiyo tuchanje mbu wakitoka?"

La, mwanangu, hapo tumechelewa. Chanjo huhitaji siku kadhaa mwilini ndipo ifanye kazi, na sindano moja ikipita kutoka kondoo mgonjwa kwenda kwa mzima hueneza ile ile homa. Tuchanje udongo ungali mkavu.