Matumizi ya Ontolojia katika Kupanga Taarifa za Bidhaa kwenye Biashara ya Kielektroniki: Mfano wa Khanga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ontolojia inavyotumika kupanga taarifa za bidhaa katika biashara ya kielektroniki. Hoja kuu ni kwamba thamani ya ontolojia haimo katika wingi wa matawi ya orodha ya bidhaa, bali katika kutenganisha mambo manne ambayo katalogi za kawaida huyachanganya: jina la kitu, aina ya kitu, kitu chenyewe na ahadi ya kukiuza. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kutumia modeli ya GoodRelations na kwa mfano wa khanga, bidhaa inayofahamika sana Afrika Mashariki lakini isiyokaa vizuri katika mifumo ya uainishaji ya kimataifa.

1.0 Utangulizi

Mnunuzi aliyeko Mombasa anayetaka khanga huenda akaandika neno leso katika kisanduku cha kutafutia. Duka la Dar es Salaam lenye nguo hiyo hiyo limeiorodhesha kwa jina la khanga, na duka jingine limeandika kanga. Katika matumizi ya Tanzania, leso ni kitambaa kidogo cha mkononi. Na kanga ni pia jina la ndege. Programu inayolinganisha herufi peke yake itamletea mnunuzi huyo vitambaa vya kufutia jasho na kumkosesha nguo iliyomo dukani. Akibadili neno na kuandika kanga, pengine ataonyeshwa ndege wa kufugwa. Hapa pana majina matatu ya kitu kimoja, na jina moja la vitu viwili. Binadamu hutatua utata wa namna hii kwa kutumia muktadha. Kompyuta haiwezi kufanya hivyo mpaka maana yenyewe iandikwe kwa namna inayoweza kuchakatwa.

Gharama ya utata huu haigawanyiki kwa usawa. Kampuni kubwa inaweza kuajiri watu wa kusafisha data na kuandika majina yote yanayowezekana. Mfanyabiashara mdogo hana uwezo huo, na bidhaa yake isipopatikana katika utafutaji, kwa mnunuzi wa mbali ni kana kwamba haipo. Kwa hiyo, suala la kupanga taarifa za bidhaa ni suala la kiufundi na vilevile la nani anaonekana sokoni.

2.0 Dhana ya ontolojia

Neno ontolojia lilianzia katika falsafa, ambako linahusu uchunguzi wa vitu vilivyopo na aina zake. Katika sayansi ya kompyuta, fasili inayorejelewa zaidi ni ya Thomas Gruber (1993), aliyeieleza ontolojia kuwa ni ubainishaji bayana wa udhanaishaji; yaani, maelezo ya wazi ya namna fulani ya kuuona uwanja wa maarifa. Mwaka 1998, Studer, Benjamins na Fensel waliiendeleza fasili hiyo kwa kusisitiza mambo mawili: ubainishaji uwe rasmi, ili mashine iweze kuusoma, na udhanaishaji uwe wa pamoja, yaani unaokubaliwa na kundi la watumiaji. Sharti hili la pili litarejewa katika sehemu ya 6.0, kwa kuwa ndilo lenye ugumu mkubwa zaidi.

Kimuundo, ontolojia huwa na aina za vitu, sifa za vitu hivyo, mahusiano baina yake, vielelezo mahususi, na kanuni zinazotawala mahusiano hayo. Katika wavuti, taarifa hizi huandikwa kwa RDF, kiwango kilichopitishwa na shirika la W3C mwaka 1999, ambapo kila kauli ina sehemu tatu zinazofanana na kiima, kitenzi na yambwa katika sentensi. Lugha ya OWL, iliyopitishwa mwaka 2004, huongeza uwezo wa kimantiki. Kwa mfano, ikielezwa kwamba kila khanga ni kitambaa, na kwamba kipande fulani ni khanga, kompyuta hupata hitimisho kwamba kipande hicho ni kitambaa bila kuambiwa na mtu.

3.0 Uainishaji si ontolojia

Kabla ya ontolojia kuingia katika biashara, tayari kulikuwa na mifumo mikubwa ya kuainisha bidhaa. Mfumo wa Uwianishaji wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988, huipa kila bidhaa msimbo wa tarakimu sita, na nchi au jumuiya huweza kuongeza tarakimu zake. Mfumo wa UNSPSC hutumia tarakimu nane katika ngazi nne. Mfumo wa ECLASS, uliotokea Ujerumani, huongeza sifa na vizio vya kupimia katika kila kundi la bidhaa.

Mifumo hii ina manufaa makubwa, lakini kila mmoja ulijengwa kwa kusudi lake. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, una vifungu vinavyotaja khanga, kikoi na kitenge pamoja katika mstari mmoja. Kwa afisa wa forodha hilo linatosha, kwa kuwa bidhaa zilizomo katika mstari huo hutozwa kiwango kimoja. Kwa mnunuzi halitoshi hata kidogo. Kikoi hufumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi, ilhali khanga hupigwa chapa baada ya kitambaa kufumwa. Tena khanga ina pindo, mji na jina, kikoi hakina.

Tatizo la pili ni la kimantiki. Katika miti ya uainishaji, tawi la chini si lazima liwe aina ndogo ya tawi la juu. Mara nyingi katalogi huweka matairi, kengele na huduma ya matengenezo chini ya kichwa cha baiskeli. Msomaji anaelewa kwamba maana yake ni mambo yanayohusu baiskeli. Lakini mtu akiugeuza mti huo moja kwa moja kuwa ontolojia na kutangaza kwamba kila tawi ni aina ndogo ya tawi lililo juu yake, kompyuta itahitimisha kwamba tairi ni baiskeli, na mnunuzi anayetafuta baiskeli ya bei nafuu kuliko zote ataletewa kengele. Martin Hepp, aliyeigeuza ECLASS kuwa ontolojia ya OWL, alionyesha kwamba jambo hili si kasoro ndogo ya uhariri, bali linatokana na kusudi la awali la mifumo hiyo, ambayo mingi ilikusudiwa kufuatilia ununuzi na matumizi ya fedha. Hivyo basi, msimbo wa uainishaji unafaa kuhifadhiwa kama sifa mojawapo ya bidhaa, lakini usifanywe kuwa msingi wa kuielezea.

4.0 Modeli ya GoodRelations

Mwaka 2008 Hepp alitangaza GoodRelations, ontolojia iliyokusudiwa mahususi kwa biashara ya kielektroniki. Haikujaribu kuorodhesha bidhaa zote za ulimwengu. Ilieleza kiunzi cha tendo la biashara chenye dhana nne kuu: taasisi ya biashara, bidhaa au huduma, ahadi ya mauzo, na mahali inapopatikana. Mwaka 2012 istilahi zake ziliingizwa katika schema.org, msamiati ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Bing na Yahoo, na kwa njia hiyo modeli hii ikawafikia wamiliki wa tovuti wasiowahi kusikia neno ontolojia.

Mchango mkuu wa modeli hii ni kutenganisha bidhaa na ahadi ya mauzo. Katika katalogi nyingi, bei huandikwa kama sifa ya bidhaa, sawa na rangi au uzito. Maadamu duka ni moja, hakuna madhara. Lakini data za maduka mawili zinapounganishwa, khanga ile ile inakuwa na bei mbili, na kompyuta haina njia ya kujua ipi ni ya nani. Kwa uhakika, bei si sifa ya khanga. Ni sehemu ya ahadi inayotolewa na muuzaji fulani, kwa kipindi fulani, kwa wateja wa eneo fulani, kwa tendo fulani la biashara, liwe kuuza, kukodisha au kukarabati.

Aidha, modeli hutofautisha ngazi tatu za bidhaa. Ngazi ya kwanza ni muundo, yaani kigezo kinachotengenezwa kiwandani kwa wingi. Ya pili ni kitu kimoja mahususi, kama gari lililotumika lenye namba yake. Ya tatu ni vitu kadhaa visivyotambulishwa kimoja kimoja, kama shehena iliyoko ghalani. Sifa zinazotolewa kwenye muundo zinaweza kurithiwa na ngazi nyingine, hivyo muuzaji hahitaji kuandika upya yale ambayo mtengenezaji amekwisha kuyaeleza.

5.0 Khanga katika ontolojia

Grüninger na Fox (1995) walipendekeza kwamba ujenzi wa ontolojia uanze na maswali ambayo ontolojia inapaswa kuweza kuyajibu. Kwa khanga, maswali matatu yanatosha kuonyesha njia: Ni wauzaji gani wenye khanga ya jina fulani? Nani anaiuza kwa bei nafuu zaidi kwa doti? Ni zipi kati ya hizo zilizo za pamba tupu?

Hatua ya kwanza ni kutenganisha jina na utambulisho. Dhana ya khanga hupewa kitambulisho kimoja cha kipekee katika wavuti, kisha maneno khanga, kanga na leso huambatanishwa nacho kama lebo. Msamiati wa SKOS, uliopitishwa na W3C mwaka 2009, unaruhusu lebo moja kuu kwa kila lugha na lebo mbadala nyingi. Ndege aitwaye kanga ana kitambulisho chake, na kitambaa cha mkononi kina chake. Lebo zinaweza kugongana, vitambulisho havigongani.

Hatua ya pili ni kueleza sifa. Pindo, mji na jina ni sifa bainifu za khanga, nazo huwekwa kwenye ngazi ya muundo, kwa kuwa vipande vyote vya chapa moja vinazishiriki. Hapa ndipo mjenzi hukutana na uamuzi mgumu. Je, aandike kanuni kwamba kila khanga ni ya pamba? Akifanya hivyo, kitambaa cha nyuzi za viwandani chenye pindo, mji na jina ama kitatengwa, ama kitahesabiwa kuwa cha pamba kwa makosa. Ni salama zaidi kuifanya malighafi kuwa sifa yenye thamani inayotajwa, na kuuacha ufafanuzi wa khanga utegemee umbo lake.

Hatua ya tatu inahusu kizio. Kwa desturi khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vya chapa moja. Chukulia, kwa mfano wa kubuni, kwamba muuzaji mmoja ameandika shilingi 15,000 na mwingine shilingi 9,000. Wa pili anaonekana kuwa na bei nafuu, mpaka ibainike kwamba bei yake ni ya kipande kimoja, hivyo doti kwake ni shilingi 18,000. GoodRelations hutumia misimbo ya vizio ya UN/CEFACT, ambamo C62 ni kipande na PR ni jozi. Muuzaji akitaja msimbo pamoja na bei, ulinganisho huo unaweza kufanywa na mashine pasipo kukisia.

6.0 Changamoto

Changamoto ya kwanza hutokana na mantiki yenyewe. Katika kanzidata ya kawaida, jambo lisiloandikwa huchukuliwa kuwa si kweli. Katika OWL, jambo lisiloandikwa halijulikani tu. Duka lisilotaja malighafi halijasema kwamba khanga zake si za pamba. Mtafiti anayesahau tofauti hii atatoa hesabu zenye kupotosha.

Changamoto ya pili ni kuunganisha rekodi. Khanga mbili zinaweza kuwa na jina moja lakini zikatofautiana pindo na rangi. Zikitangazwa kuwa kitu kimoja, kila kauli iliyosemwa juu ya moja itahamia kwa nyingine, na kosa dogo la muunganishaji litaenea katika data yote.

Changamoto ya tatu, iliyo kubwa zaidi, ni lile sharti la udhanaishaji wa pamoja. Pamoja na nani? Orodha ya njia za malipo iliyoambatana na GoodRelations ilitaja fedha taslimu, uhamisho wa benki, hundi na kadi za kampuni mbalimbali. Pesa za simu hazikuwamo, ingawa M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya mwaka 2007. Modeli haikuzikataza, kwani iliruhusu watumiaji kuongeza thamani zao. Hata hivyo, kila anayeongeza peke yake hubuni kitambulisho chake, na vitambulisho vingi vya jambo moja huturudisha kwenye utata ule ule wa leso na khanga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ontolojia husaidia biashara ya kielektroniki pale inapotenganisha jina, aina, kitu na ahadi ya mauzo. Kiunzi cha jumla kimekwisha kujengwa na hakuna haja ya kukijenga upya. Kinachokosekana kwa bidhaa kama khanga ni tabaka jembamba la dhana za mahali: doti, pindo, mji na jina, pamoja na lebo za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Tabaka hilo haliwezi kuandikwa na mtaalamu wa kompyuta peke yake, kwa sababu wenye maarifa ya mambo hayo ni wauzaji, wachapaji na wavaaji. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu njia ya kuwashirikisha bila kuwatwika mzigo wa lugha za kimantiki. Makubaliano hayo yasipofanywa na wenye bidhaa, bidhaa zao zitaendelea kuorodheshwa kwa mitazamo iliyokusudiwa mambo mengine, kama ushuru na ununuzi wa mashirika, na mnunuzi wa Mombasa ataendelea kuletewa vitambaa vya kufutia jasho.