Dawa ya Deni ni Kulipa: Habari za Askari Mahjub bin Adam

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, mazungumzo ya barazani huwa ni ya mizani, bei na ujira wa wachumaji. Safari hii tumeona vema tuwaletee habari za askari mmoja aliyevuka bahari kwenda kudai mshahara wake, maana mna jambo ndani yake linalotuhusu sote.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, wakati wa utawala wa Wajerumani. Baba yake alikuwa Msudani, askari katika jeshi lao. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Mahjub alikuwa mtoto wa miaka kumi tu, lakini naye aliingizwa jeshini. Mwezi wa Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza.

Vita ikaisha, na mshahara wake na wa baba yake ukabaki deni. Mahjub akafanya kazi ya utumishi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Akaenda Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje kudai haki yao. Jawabu aliyopewa ilikuwa fupi: umechelewa, muda wa kudai umekwisha pita.

Hakurudi tena. Huko alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mtumishi wa mezani, akasaidia kusomesha Kiswahili katika Chuo Kikuu, akacheza katika filamu. Januari 1933 alioa mwanamke wa Kijerumani. Siku chache baadaye Hitler akashika madaraka. Mahjub aliomba nishani ya askari waliopigana vitani, akanyimwa.

Filamu yake ya mwisho, mwaka 1941, ilikuwa ya kumsifu Carl Peters, yule ambaye watu wa bara walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo akakamatwa, akishutumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila ya kuhukumiwa. Huko ndiko alikofia, tarehe 24 Novemba 1944.

Katika miaka ya 1960 Ujerumani ya Magharibi iliwapa fedha askari wazee waliosalia huku kwetu. Mahjub alikuwa keshakufa zamani. Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kilitiwa njiani, mbele ya nyumba aliyokaa Berlin.

Ndugu zetu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila mmoja wetu aweke stakabadhi zake za mizani, na mwenye dai alilete mapema, kwa maandishi.

Lakini sisi nasi tunadaiwa. Mchumaji hupanda mkarafuu alfajiri, na jioni huleta pishi zake zipimwe. Tulifundishwa chuoni tangu utotoni kuwa kibarua hulipwa kabla ya jasho lake kukauka. Tusimwambie njoo kesho, wala baada ya kuuza. Mahjub aliambiwa amechelewa, na hali aliyechelewa ni yule aliyekuwa na deni.

Wassalaam,
Katibu wenu