MTI ULIOPUKUTIKA SI MTI MFU

Katika misitu ya miombo ya Tabora, mvua zikikoma mwezi wa Mei, miti huanza kubana matumizi. Majani yana vitundu vidogo mno vipitishavyo hewa na mvuke. Ukame ukizidi, mti huvifunga ili maji yasipotee. Lakini vikifungwa, mti hukosa hewa ya kutengenezea chakula. Basi hupukutisha majani, ukaishi kwa wanga uliohifadhiwa shinani na mizizini. Kwa akiba hiyo miti mingi huchipua Septemba au Oktoba, kabla ya mvua.

Twawasihi ndugu zetu watafutao kuni kavu: msihukumu kwa macho. Kwangueni kwanza gome la kijiti. Mkiona ubichi, rudisheni shoka begani.