Kisangani: Nani Huitwa Mjinga, na kwa Kipimo Gani

Kumwita mtu mjinga ni hukumu, na hukumu haikosi kipimo. Katika historia ya Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kipimo hicho kimebadilika mara kadhaa, lakini walioshika mamlaka ndio waliochagua maarifa ya kuheshimiwa. Mwenye maarifa mengine aliwekwa nyuma, kisha akalaumiwa kwa kubaki huko.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ukiitwa Stanleyville, Wakongo waligawanywa mafungu mawili: basenji, yaani “washenzi”, na évolué, wale waliosoma shule za misheni na kupata kazi za ukarani. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza kadi ya usajili, iliyoahidi kumweka mwenye nayo karibu na sheria za Wazungu. Mwombaji alihojiwa, kisha wakaguzi wakaingia nyumbani kwake kutazama vyombo, choo, mahali wanapolala watoto, na kama mke hula mezani pamoja na mumewe. Patrice Lumumba, karani wa posta mjini humo na kiongozi wa chama cha évolué, alikataliwa mara ya kwanza. Kadi hiyo ya usajili aliipata mwaka 1954. Ikiwa msomaji hodari kama yeye alionekana hatoshi, mvuvi wa jamii ya Wagenya hakuwa na nafasi kabisa. Hata hivyo, kusimamisha miti na kutega migono katikati ya maporomoko ya mto Kongo kunadai kumbukumbu, kuyajua maji, na ushirikiano wa ukoo mzima.

Waungwana, Waislamu wa Kisangani na wa vijiji vya kando ya mto, waliumia kwa namna nyingine. Jamii yao ilikua katika zama za Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Ukoloni ulipokabidhi shule kwa misheni, hasa za Kikatoliki, wazazi wengi wa Kiislamu walihofia watoto wao kubatizwa, wakawapeleka kwenye vyuo vya Kurani. Mtoto aliyehifadhi sura nyingi na kusoma herufi za Kiarabu akahesabiwa kuwa hakusoma. Baadaye Waungwana wakasemwa kuwa watu wa nyuma kwa sababu hawakuwa na makarani wala walimu wa kutosha, kumbe mlango ulikuwa umefungwa mbele yao.

Sayansi nayo ilikuja na mizani yake. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia André Ombredane aliwapima Wakongo kwa jaribio la michoro lililotungwa na Mwingereza John Raven. Yeye na wenzake walipolirudia kwa watu walewale, alama zilipanda. Watu hao hawakuwa wameongezewa akili. Walikuwa wamezoea mchezo ambao hapo awali ulikuwa mgeni kwao.

Leo kipimo kikubwa ni Kifaransa. Mtoto wa mitaa ya Mangobo au Kabondo huongea Kiswahili au Lingala nyumbani. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha hizo katika madarasa ya mwanzo, lakini Kifaransa ndicho lugha ya mitihani na ya vyeti. Tangu shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu hana muda wa kutofautisha asiyeelewa somo na asiyeelewa lugha. Anayenyamaza huitwa zoba, yaani mjinga. Haulizwi maswali, hurudia darasa, na mwisho huacha shule. Kwa kunyimwa mafunzo, hufanana na jina alilopewa.

Wapo pia watu ambao akili zao kweli zimedhoofika, na sababu mara nyingi ni ya mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti walieleza jinsi eneo la Uele, kaskazini mwa Kisangani, lilivyosumbuliwa na rovu na udumavu wa akili na wa mwili. Chanzo kikuu kilikuwa upungufu wa madini joto, ambayo chumvi iliyotiwa madini hayo huweza kuyaleta jikoni. Mahali sababu isipojulikana, lawama humwangukia mtoto: huambiwa ni ndoki, yaani mchawi, hupelekwa kwenye maombi ya kumfukuza pepo, au hutupwa barabarani. Sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 inapinga kumsingizia uchawi, na sheria ya mwaka 2022 inatambua haki za watu wenye ulemavu, ikiwemo elimu.

Sheria hizo hazitoshi bila mwalimu anayefundisha kwanza kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, mhudumu wa afya anayeieleza familia chanzo cha ugonjwa, na mchungaji anayekataa kumwita mtoto mchawi. Anayejifunza polepole anahitaji muda zaidi, na asiyeweza kujifunza mengi bado anastahili chakula, matibabu na heshima sawa na nduguze.