Uyoga wa kichuguu: wakulima wake ni mchwa

Mvua za kwanza zikishafika, wamama na watoto wa bonde la Ruzizi, toka Kamanyola, Luvungi na Sange mpaka Kiliba, wanaamka mapema kwenda kuangalia vichuguu. Mwenye kuchelewa anakuta mashimo tu. Kwa wiki chache uyoga ni mboga ya nyumbani, tena ni franga sokoni. Lakini uyoga huu haujioteshi wenyewe. Mchwa ndio wanaulima.

Wanafanya hivi. Mchwa wafanyakazi wanakata majani makavu, miti na mabua ya mahindi, wanayala, halafu kinyesi chao wanakijenga ndani ya kichuguu kama masega, yenye kufanana na sponji. Juu ya masega hayo kunamea nyuzi nyeupe za uyoga. Nyuzi zinalainisha ule mti mgumu, kisha mchwa wanakula vidonge vyeupe vinavyotokea, pamoja na masega yaliyozeeka. Wataalamu wanauita Termitomyces, jina alilolitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Bila mchwa hauishi, ndiyo sababu hatuuoteshi kwenye mifuko kama ule mwingine wa pumba na mabua. Kule Zambia kuko aina yenye kofia inayoweza kufika karibu mita 1 kwa upana!

Ukiufukua taratibu utaona shina linashuka chini kama mzizi mrefu, mpaka kwenye sega lenyewe. Kuko pia wadogo wadogo, wanaotapakaa chini kama mchele uliomwagika: hao hawana mzizi mrefu, ju wanamea kwenye vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje.

Sasa, tunajua mchwa wanakula mahindi na mihogo, na mwenye shamba hapendi kusikia wakisifiwa. Kichuguu kilicho katikati ya mahindi ni shida kweli. Lakini kile cha kando, cha malishoni au mpakani, kukimwagia dawa au kukichimba chote kwa kufyatua matofali ni kuua mboga ya kila mwaka. Tena uyoga uliokulia kwenye udongo wenye dawa tusiule. Wakati wa kuvuna, tukate au tuvute shina bila kufukua sega, na tuache michache ifunguke mpaka izeeke. Vumbi lake ni mbegu, na kwa aina nyingi mchwa wa kichuguu kipya wanaiokota huko nje.

Kunabaki neno la wanyama wengine, na hapa tusiwe wapole. Wengi wanasema uyoga ulioliwa na konokono, panya ao mbuzi ni salama. Si kweli. Konokono anakula bila kudhurika uyoga ambao unaweza kuua mtu. Kijiko kugeuka rangi ao kutogeuka hakuonyeshi kitu. Unaomea kwenye mavi ya ng'ombe tuuache huko huko: kazi yake ni kuozesha mavi, si kuingia kwenye sufuria. Na malishoni kunatokea mweupe mkubwa, wenye pete kwenye shina, unaofanana na wa kichuguu, lakini hauna mzizi mrefu, na chini ya kofia unageuka kijani ukizeeka. Huo unatapisha vibaya ndani ya saa chache.

Zile aina zenye kuharibu maini zinachelewa: tumbo linaanza kuuma saa 6 mpaka 24 baada ya kula, na kupika hakuondoi sumu. Mgonjwa anaweza hata kujisikia nafuu siku ya pili huku maini yanaendelea kuharibika. Asibaki nyumbani kunywa maziwa ao mafuta. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na wote waliokula sahani moja naye, na muchukue uyoga uliobaki, hata maganda tu, ili muganga auone.